Bowa Hula Nini? Kuuelewa Uyoga Kabla Haujafika Sufuriani

Kila mwaka, mvua za kwanza zikishalaza vumbi la Lubumbashi, kandokando ya barabara ya Kasenga, ya Likasi na ile iendayo Kasumbalesa huanza kuonekana mabeseni yaliyojaa uyoga: mweupe mpana kama mwavuli wa mtoto, wa rangi ya chungwa uliochangamana na majani makavu, na ule wa kahawia uliopangwa kwa mafungu madogo juu ya kipande cha gunia. Akina mama wanaouuza huuita bowa, na kila aliyekulia Katanga huelewa. Pamoja na mabeseni hayo hurudi pia maneno ya kila mwaka. Kwenye simu husambazwa ujumbe kwamba uyoga wa msimu huu wote una sumu. Jirani anaapa kwamba kitunguu kikibaki cheupe ndani ya sufuria basi chakula ni salama. Mwingine anasema bowa ni nyama ya maskini na kwamba mtoto akila hiyo hahitaji samaki wala maharage. Mtu mmoja aweza kuyaamini yote matatu kwa wakati mmoja, akala leo kwa furaha na kesho akaumwaga uyoga mzuri kwa hofu.

Nadhani mkanganyiko huu unatokana na jambo moja: tunaula uyoga bila kujiuliza uyoga wenyewe hula nini. Swali hilo linaonekana la kitoto, lakini jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini bowa huota kwenye kichuguu na si katikati ya barabara, kwa nini aina fulani hulimwa na nyingine hazikubali kulimwa, kwa nini zinapungua kila mwaka, na hata kwa nini uyoga ulioota karibu na mgodi si sawa na ule wa porini.

Tuanze na maneno. Uyoga si mmea. Mmea una rangi ya kijani inayouwezesha kutengeneza chakula chake kutokana na mwanga wa jua, hewa na maji. Uyoga hauna rangi hiyo, na hauwezi kujilisha kwa jua. Wala si mnyama, kwa sababu hautembei na hauna kinywa. Uko katika kundi la tatu, kundi la kuvu, pamoja na ukungu unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini na chachu inayouvimbisha mkate huohuo kabla haujaokwa. Kwa muda mrefu wanasayansi waliwahesabu kuvu miongoni mwa mimea. Ilikuwa mwaka 1969 ambapo Robert Whittaker alipendekeza mgawanyo wa viumbe uliowapa kuvu milki yao wenyewe, na uchunguzi wa vinasaba uliofuata ukaonyesha kwamba wako karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Jambo hili lina maana hata jikoni. Kitu kinachoupa uyoga ugumu wake huitwa kitini, na ndicho hichohicho kinachotengeneza gamba la panzi na la kumbikumbi. Anayetafuna bowa na anayetafuna kumbikumbi waliokaangwa, kwa upande huo, wanatafuna vitu vya jamaa moja.

Kile tunachokitia kwenye beseni ni sehemu ndogo tu ya kiumbe. Fikiria mwembe ambao shina, matawi na majani yake yote yamezikwa ardhini, na embe peke yake ndiyo inayochomoza juu kwa siku chache, ikaoza na kutoweka. Uyoga ni embe hilo. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba sana, nyeupe mara nyingi, zinazotandaa ndani ya udongo, ndani ya gogo au ndani ya kichuguu, na huweza kuishi miaka mingi bila mtu yeyote kuuona. Huko Oregon, Marekani, kuna kuvu mmoja wa msitu ambaye nyuzi zake zimetandaa katika eneo la karibu kilomita 9 za mraba. Mvua na joto vikifika kiwango kinachofaa, nyuzi hizo hukusanyika, huvimba kwa maji, na kuusukuma uyoga nje ili umwage vumbi laini sana ambalo ndilo mbegu yake. Ndiyo maana uyoga huonekana kana kwamba umeshuka na radi usiku mmoja. Haukushuka. Ulikuwa chini ya miguu yetu muda wote, ukila.

Na hapo ndipo swali letu linapoanza kuzaa matunda, kwa maana kuvu hawali chakula cha namna moja. Katika pori letu la miombo, lile linaloizunguka Lubumbashi na kuendelea hadi Zambia na mbali zaidi, uyoga unaoliwa waweza kugawanywa katika makundi matatu kulingana na anayeulisha.

Kundi la kwanza hulishwa na mchwa. Mtu aliyekulia Lubumbashi ameviona vichuguu vikubwa vya eneo hili, vingine virefu kuliko nyumba, ambavyo watu hufyatulia matofali au hupanda mboga juu yake. Mchwa wanaojenga vichuguu vya aina hiyo hawawezi wenyewe kusaga vizuri miti mikavu na majani wanayoyabeba. Kwa hiyo huyatafuna, huyapitisha tumboni, na kuyapanga ndani ya vyumba maalumu kama sega la nyuki. Juu ya sega hilo humea kuvu, naye huyalainisha yale mabaki hadi yakawa chakula kinachofaa kuliwa na mchwa. Ni kilimo kamili, chenye shamba, mbolea na palizi, na kilianza hapa Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita, kabla binadamu hajashika jembe. Mvua zikianza, kuvu huyo hupandisha shina refu kutoka kwenye vyumba vya ndani, likapenya udongo mgumu na kufungua kofia juu ya ardhi. Ukiuchimbua badala ya kuukata, utakuta mkia mrefu kama mzizi unaoshuka chini, nao ni mojawapo ya alama za uyoga wa vichuguu. Aina moja ya jamii hii, inayopatikana Katanga na Zambia, ndiyo uyoga unaoliwa wenye kofia kubwa kuliko wote duniani: kofia yake yaweza kufikia upana wa mita 1. Wanasayansi David Pegler na Graham Piearce waliipa jina lake la kitaalamu mwaka 1980, Termitomyces titanicus, na ni dhahiri kwamba walistaajabu kama anavyostaajabu kila mtoto anayeuona kwa mara ya kwanza kando ya barabara.

Kundi la pili hulishwa na miti iliyo hai, na hili ndilo lenye utajiri zaidi katika miombo. Nyuzi za kuvu huyu huivika mizizi midogo ya mti kama soksi inavyouvika mguu. Kuvu hutafuta maji na madini mahali ambapo mzizi haufiki, akaupa mti. Mti nao humlipa kwa sukari inayotengenezwa na majani yake. Si miti yote hukubali mkataba huu. Ile mikubwa ya miombo, pamoja na msuku unaotupa matunda ya masuku, inaukubali, lakini mwembe au mparachichi uliopandwa uani hautakupa bowa hawa wetu. Katika kundi hili kuna kitondo, ule wa rangi ya chungwa au manjano ambao chini ya kofia yake kuna mikunjo butu inayoteremka hadi kwenye shina. Kuna tente, ule mweupe mnene unaoanza maisha yake kama yai. Na kuna kabansa, ambao wa ukoo wake hutoa utomvu kama maziwa wanapokatwa. Jina kabansa lilitoka midomoni mwa wenyeji na kuingia katika sayansi: Pegler na Piearce walipouandika mwaka huohuo wa 1980, waliuita Lactarius kabansus. Majina haya hubadilika kidogo kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo msomaji asishangae akiyasikia kwa matamshi mengine sokoni.

Kundi la tatu hula vilivyokufa: magogo, mabua, maganda. Hapo yumo yule mdogo mgumu unaopangana juu ya gogo kama vipepeo wa kijivu, na hapo pia yumo pleroti, ambao Tanzania huuita uyoga mamama.

Kutokana na mgawanyo huu, maswali mawili yanayoulizwa sana yanajijibu yenyewe. La kwanza ni kwa nini mtu asilime kitondo au bowa wa kichuguu, apate fedha mwaka mzima. Anayetaka kulima uyoga lazima aweze kuulisha. Pleroti hula mabua ya mahindi, majani makavu na maganda ya pamba, vitu ambavyo mtu anaweza kuvichemsha ili kuua vijidudu vingine, kuvitia kwenye mfuko, kuvipandia mbegu na kuvitundika katika kibanda chenye giza na unyevu. Baada ya majuma machache anavuna. Kitondo anataka mzizi wa mti wa miombo ulio hai, nao hautiwi katika mfuko. Bowa wa kichuguu anataka jeshi zima la mchwa. Kwa hiyo anayekuuzia mafunzo ya kulima uyoga wa kichuguu nyuma ya nyumba yako anakuuzia maneno matupu, lakini anayekufundisha pleroti anaweza kuwa anakupa kazi halali.

Swali la pili ni kwa nini mabeseni yanatoka mbali zaidi kila mwaka. Wauzaji wenyewe husema kwamba mama zao waliokota karibu na mji, na wao sasa hupanda baiskeli au lori. Jibu liko kwenye mbabula zetu, yaani majiko tunayopikia. Lubumbashi hupika kwa makala, yaani makaa ya miti, na makala hutoka katika miti ileile inayoulisha uyoga wa kundi la pili. Mti ukikatwa, sukari iliyokuwa ikishuka mizizini inakoma, na kuvu aliyeivika mizizi hiyo anakufa njaa. Msitu unaweza kuchipua tena ukiachwa, na uyoga ukarudi nao, lakini palipong'olewa visiki na kulimwa mahindi, usitegemee kitondo. Huwa nauona uchungu wa jambo hili sokoni, pale gunia la makala na beseni la bowa vinapokaa bega kwa bega mbele ya muuzaji mmoja, kwa sababu kimoja kinamla mwenzake, na mama huyo hana njia nyingine ya kulipa karo.

Sasa tufike kwenye sumu, ambapo uzushi huua.

Neno la kwanza la kuelewa ni kwamba hakuna sumu moja ya uyoga. Aina tofauti zina kemikali tofauti, na kemikali hizo hazina ladha moja, harufu moja wala rangi moja. Kwa sababu hiyo, jaribio lolote linalodai kuitambua sumu kwa ujumla haliwezi kufanya kazi. Kijiko cha fedha hakigeuki cheusi kwa sumu ya uyoga. Kitunguu na kitunguu saumu hubadilika rangi au kubaki vilivyo kwa sababu zao wenyewe. Alama za meno ya wadudu hazithibitishi kitu, kwa maana konokono hula uyoga unaoweza kumuua mtu na wakaendelea na safari; tumbo la konokono si tumbo letu. Kuumenya ngozi hakusaidii. Kuukausha hakusaidii. Siki na chumvi haziivunji sumu kali. Na kubwa kuliko yote, kuchemsha hakuivunji: kundi la sumu linaloitwa amatoksini, ambalo husababisha vifo vingi zaidi vya uyoga duniani, hustahimili moto wa jikoni bila kudhoofika. Mchuzi uliochemka kwa muda wa saa tatu ni hatari sawa na ule uliochemka robo saa.

Wapo wanaosema, basi tuuache uyoga mweupe wenye pete shingoni na kikombe chini ya shina, maana huo ndio ukoo wa sumu. Ushauri huu una ukweli, kwa kuwa uyoga wenye amatoksini wa ukoo wa Amanita huwa hivyo mara nyingi. Hata hivyo tente wetu, ambaye ameliwa katika miombo kwa vizazi, ni wa ukoo huohuo wa Amanita, na ana kikombe hichohicho. Anayefuata kanuni ya kitabu cha Ulaya neno kwa neno atamtupa tente. Anayefuata kanuni ya nyumbani, kwamba wenye yai chini huliwa, siku moja ataokota ndugu ya tente. Kanuni za jumla husafiri vibaya. Kule California, Marekani, wahamiaji kutoka Asia wamewahi kufa kwa sababu waliokota uyoga wa sumu uliofanana, katika hatua yake ya yai, na ule waliokuwa wakiula kwao. Hawakuwa wajinga, walikuwa na elimu ya kweli ya pori jingine. Nalitaja hili kwa sababu mji wetu umejaa watu waliotoka Kasai, Tanganyika, Lomami na kwingineko, na kila mmoja amekuja na elimu ya mama yake. Elimu hiyo ni ya thamani, ila ni ya mahali ilipozaliwa.

Kuna pia hatari ya uani. Uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, unaopenda kuota kwenye nyasi fupi katika nchi nyingi za joto, huwadanganya watu kwa kufanana na ule mzuri. Huo, unaoitwa Chlorophyllum molybdites, huacha vumbi la kijani kibichi kofia yake ikilazwa juu ya karatasi nyeupe usiku mmoja. Kwa kawaida hauui mtu mzima, lakini humtapisha na kumharisha vikali mno, na mtoto mdogo anaweza kukaukiwa maji haraka.

Basi mtu afanyeje? Nkambo yangu, mama mzaa mama, aliyezaliwa upande wa Sakania, alikuwa na swali moja tu kwa muuzaji: "Huyu ni nani?" Hakuuliza kama ni mzuri, kwa kuwa kila muuzaji atasema ni mzuri. Aliuliza jina. Muuzaji akitaja jina, nkambo aliuliza umeota chini ya mti gani, kisha akaugeuza, akaangalia chini ya kofia, akalikata shina na kulinusa. Uyoga usio na jina haukuingia nyumbani kwake, hata ukiwa wa bure. Nilipokuja kusoma kazi za watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambao pamoja na wenzao wa Bustani ya Mimea ya Meise, Ubelgiji, wamekuwa wakiorodhesha uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga, niliona kwamba wao pia huanza hapohapo: aina, mti, msimu, sura ya chini ya kofia. Usalama hutokana na kuujua uyoga mmoja mmoja kama mtu anavyowajua majirani zake. Ukiwa na mashaka juu ya mmoja katika fungu, acha fungu zima, kwa sababu kipande kimoja tu cha kofia ya uyoga wa amatoksini kinatosha kumdhuru mtu mzima.

Ikiwa mtu ameshakula na akaugua, saa ni ushahidi mkubwa. Kutapika kunakoanza ndani ya saa moja hadi tatu mara nyingi ni kwa uyoga unaochafua tumbo tu, ingawa hata hapo msaada unahitajika. Kutapika na kuhara kunakoanza baada ya saa 6 hadi 12, au zaidi, wakati mtu ameshasahau alichokula jana yake, ndiko kunakotisha. Amatoksini huwa zimeshaingia kwenye ini. Huko huzizuia seli zisisome maagizo ya kutengeneza protini, na seli inayokosa maagizo hayo ni kama kiwanda kilichokatiwa umeme: mashine zipo, kazi imesimama. Kisha huja siku ya udanganyifu, kwa maana mgonjwa hupata nafuu, akaomba uji, na jamaa wakamshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Siku ya pili au ya tatu baada yake macho yanakuwa ya manjano na ini linaanguka. Kwa hiyo nafuu hiyo isimtoe mtu hospitalini. Maziwa na mafuta ya mawese, ambavyo familia nyingi humnywesha mgonjwa, haviondoi sumu hiyo, na vinapoteza muda. Mpeleke mapema, mbebe pamoja na mabaki ya uyoga, hata maganda yaliyotupwa jalalani, mkiyatia kwenye karatasi badala ya plastiki, na waiteni wote waliokula sufuria hiyo hata kama bado wanajisikia vizuri.

Lubumbashi ina jambo jingine ambalo haligusi sumu ya uyoga wenyewe. Kuvu, kwa jinsi anavyokula, hufyonza kila kilichoyeyuka katika udongo unaomzunguka, na baadhi ya aina hulimbikiza metali ndani ya kofia kuliko kiasi kilichomo ardhini. Ulaya walilijua jambo hili kwa uchungu baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, kwa kuwa uyoga wa porini uliendelea kubeba mionzi miaka mingi baadaye. Kwetu kuna shaba, kobalti, risasi na kadimi. Kinu cha kuyeyushia shaba kilichowashwa mwaka 1911 kilimwaga moshi kwa vizazi kadhaa, na kwa kuwa upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka kusini mashariki, vumbi lake lilitua kwa wingi upande wa kaskazini magharibi, ambako udongo bado umelibeba. Kitondo aliyeota kwenye ardhi ya namna hiyo, au kando ya mto unaopokea maji ya migodi, anaweza kuwa kitondo halisi kabisa, mwenye jina na sura yake, na bado asifae kuliwa mara kwa mara. Kuosha hakumsafishi, kwa sababu metali haziko juu ya ngozi. Ndiyo maana swali la pili kwa muuzaji, baada ya jina, liwe ni mahali.

Kuhusu msemo kwamba bowa ni nyama ya maskini, hesabu ni fupi. Uyoga mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90, na katika gramu 100 zake kuna protini takriban gramu 2 au 3. Maharage yaliyopikwa, kwa uzito huohuo, yana karibu gramu 8 au 9. Wanaosema uyoga una protini kama nyama husoma takwimu za uyoga uliokaushwa, wakasahau kwamba kilo moja mbichi hubaki kama gramu 100 tu ikikauka. Uyoga una vitamini kadhaa za kundi B, una madini ya potasiamu, hauna mafuta mengi, na unanogesha bukari, yaani ugali, kwa sababu ya kemikali ileile inayoupa mchuzi wa nyama utamu wake mzito. Ulimi unadhani umekula nyama. Mwili wa mtoto haudanganyiki hivyo, kwa hiyo mama aweke bowa pamoja na maharage, karanga au samaki, asiviondoe.

Tuingie jikoni, ambako kitini tuliyoitaja mwanzoni inatusaidia. Tofauti na mboga za majani, ambazo zikizidi moto huwa uji, na tofauti na nyama, ambayo ikizidi hukakamaa, kitini haiyeyuki kwa moto wa sufuria. Uyoga wa porini unaweza kupikwa dakika 20 au hata 40 na ukabaki na utafuno wake. Hakuna sababu, basi, ya kuupika nusunusu. Uyoga mbichi ni mgumu kwa tumbo, na baadhi ya aina zinazofahamika kuwa nzuri huchafua tumbo zisipoiva, hasa zile za ukoo wa kabansa zenye ukali kidogo, ambazo wapishi wetu huzichemsha kwanza na kuyamwaga maji.

Kuna wanaokataza kuuosha uyoga wakisema unanyonya maji. Kwa uyoga wa pori letu, wenye mchanga mwekundu kati ya mikunjo yake, katazo hilo halifai. Uoshe upesi kwa maji mengi, mara mbili au tatu, bila kuuacha ukilowa, kisha uukamue kwa mkono. Kosa kubwa hufanyika baadaye: mpishi humwaga mafuta, kitunguu, nyanya na uyoga kwa pamoja, kisha analalamika kwamba mboga imekuwa maji matupu. Yale maji yametoka ndani ya uyoga. Utie kwanza peke yake katika sufuria yenye moto, pamoja na chumvi kidogo, uache utoe maji yake na maji yale yakauke hadi usikie sauti ikibadilika kutoka kuchemka na kuwa kukaanga. Hapo ndipo uongeze mafuta, halafu kitunguu, halafu nyanya. Ukitaka wa karanga, ambao kwangu ndio bora kuliko wote, koroga unga wa karanga katika maji ya uvuguvugu, umimine moto ukiwa mdogo, na uendelee kukoroga kila mara ili usigandie chini, mpaka mafuta ya karanga yaanze kuelea juu.

Uyoga mbichi hauvumilii mfuko wa plastiki, kwani hupumua, hutoa jasho na kuoza. Uweke kwenye kikapu au karatasi, na upikwe siku hiyohiyo. Uliokwisha kupikwa hauwi sumu kwa kupashwa moto tena, kinyume cha uvumi, lakini umeme ukikatika na friji ikawa kabati tu, chakula kilicholala sufuriani usiku mzima kitamuumiza mtu tumbo kama ambavyo nyama ingemuumiza, na lawama ataibeba bowa.

Kilichozidi kikaushwe. Uchane vipande vyembamba na uvitandaze juani sehemu ya chini ya kofia ikitazama juu, kwa kuwa mwanga wa jua hugeuza kitu kilichomo ndani ya uyoga kuwa vitamini D, jambo ambalo mboga nyingine haziwezi. Vipande vikivunjika kwa sauti kama majani makavu, vimekauka. Vikijikunja tu, bado, na vitaota ukungu ndani ya chupa. Mwezi wa saba, wakati barabara ya Kasenga ni vumbi tupu na hakuna beseni hata moja, loweka mkono mmoja wa vipande hivyo katika maji ya moto kwa nusu saa, uyachuje yale maji ya kahawia kwa kitambaa ili mchanga ubaki, na uyamimine kwenye maharage yanayochemka badala ya kuyamwaga.